Keneli haina pa kugusisha mita

Ukipita Kariakoo mtaa wa Aggrey, simama kidogo kwa fundi simu yeyote mwenye meza ya nje umwangalie anavyofanya kazi. Mteja kaleta simu haichaji. Fundi haanzi kuiwasha na kuizima akitegemea muujiza, anafungua, anatoa bodi, anashika mita, ncha nyeusi anaibana kwenye grauni na nyekundu anaanza kutembea nayo nukta kwa nukta, tundu la chaji volti 5 zipo, anasogea mbele zipo, anasogea tena anakuta hamna kitu. Hapo anakohoa kidogo anakwambia "IC ya chaji hii, elfu ishirini na tano". Unaweza kubishana naye bei ila ugonjwa huwezi kubishana nao. Na anaweza hivyo kwa sababu moja tu, waliotengeneza ile bodi waliacha vinukta vya shaba vya kupimia, vingine havina kazi yoyote zaidi ya mtu kuja kugusisha mita.

Sasa ile programu ya chini kabisa ndani ya simu hiyohiyo, yaani keneli, sehemu kubwa yake haina vinukta hivyo. Hiyo ndo ishu yangu leo.

Kwa wale ambao hawapo kwenye hizi mambo, keneli ndo sehemu ya mfumo endeshi inayokaa kati ya programu zako na vyuma vyenyewe, ndo inagawa memori, ndo inaamua programu gani ipate prosesa sasa hivi, ndo inaongea na kamera na batri na kadi ya SIM kupitia draiva, yaani vipande vyake vinavyojua kuongea na kila kifaa. Simu za Android zote zinatumia keneli ya Linux, kwahiyo hata kitochi chako kikubwa cha Android ulichochukua kwa mkopo wa elfu mbili kwa siku, ndani yake kuna kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Finland mwaka 1991. Mwanzoni mwa 2025 mistari ya kodi zake, yaani maandishi ya programu yenyewe, ilivuka milioni 40 ukihesabu na maelezo yaliyomo ndani. (Kodi ninayosema hapa siyo ya TRA, na huko mbele nikisema sensa siyo ile ya watu na makazi, tuelewane mapema.)

Na kwa miaka mingi sana namna ya kupima hiyo kitu ilikuwa: kompaili (geuza kodi iwe programu ya kuendeshwa), washa, tumia, kama haijaganda basi iko poa. Siongezi chumvi. Zilikuwepo testi, mradi wa LTP (Linux Test Project) ulianza mwaka 2000, watu wa mafaili wana zao za muda mrefu, ila karibu zote zinapima keneli nzima kwa nje, kama kuiwasha simu uone inachaji au haichaji. Kilichokosekana ni yuniti testi, yaani unachukua fanksheni moja, kipande kidogo cha kodi chenye kazi yake, unaipa namba, unaangalia imerudisha nini, bila kuwasha dunia nzima.

Nitawapa mkasa wangu maana bila huo msingeona kwa nini nimechukia hivi.

Kuna nyumba ya wapangaji huko Goba, ina kisima na tanki kubwa la lita elfu kumi, refu kunipita. Mwenye nyumba alitaka pampu iwake yenyewe maji yakishuka na izime yakijaa, maana kila mara mlinzi anasahau maji yanamwagika mpaka kwa jirani. Nikachukua bodi ndogo ya ARM (aina ya prosesa) ya biti 32 na sensa ya mawimbi ya sauti, ile inakaa juu ya tanki inapiga sauti chini, sauti inagonga maji inarudi, unahesabu muda unajua maji yako umbali gani. Najua kuna draiva ya sensa za aina hiyo tayari kwenye Linux, ila yangu ilikuwa ya kichina yenye mbwembwe zake, nikaandika draiva yangu mwenyewe. Nikaijaribu chumbani kwangu Sinza, ndoo, ukuta, meza, kila kitu kiko sawa hadi milimita, nikajiona mwanaume.

Siku ya tatu baada ya kufunga napigiwa simu alfajiri na mlinzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, hapa bombani kukavu tangu jana jioni, wapangaji wananisema mimi, na hiyo kitu yako inaandika tanki limejaa."

Nikapanda bodaboda mpaka Goba. Nafika nakuta tanki limekauka kweli na kipimo kinaonyesha limejaa kweli. Nikazima nikawasha, nikamwaga maji kiasi kwa mkono, ikasoma vizuri. Nikarudi nyumbani. Kesho yake tena. Nimepanda boda mara nne kwenda Goba, pesa ya boda peke yake ilishakula faida, na kila nikifika pale nafanya vilevile, washa uone, washa uone, nimekaa juu ya ngazi na laptopu juani.

Bagi lenyewe, yaani kosa kwenye kodi, lilikuwa mstari mmoja. Nilikuwa nachukua muda kwa nanosekunde nazidisha kwa 343, ambayo ni kasi ya sauti, alafu nagawanya kwa milioni mbili kupata milimita. Nilitumia namba ya aina ambayo kwenye bodi ya biti 32 inabeba mwisho bilioni nne na kitu. Ukizidisha nanosekunde milioni 12 na nusu kwa 343 unafika hapo kwenye ukomo na namba inaanza sifuri upya, kama mita ya kilomita ya gari la zamani. Nanosekunde milioni 12 na nusu ni maji yakiwa umbali wa mita mbili na sentimita kumi na tano hivi. Chumbani kwangu nilipima vitu vya karibu karibu tu, sikuwahi kufika huko. Ndani ya tanki refu maji yakishuka chini ya hapo kipimo kinarudi sifuri, na sifuri maana yake maji yamegusa sensa, tanki limejaa, pampu tulia. Yaani lilipokauka kweli ndo draiva ikaamini limejaa.

Mtu atasema si ungeandika testi. Ndugu yangu, testi ningeigusisha wapi? Ile hesabu niliifukia katikati ya fanksheni inayoshughulikia intarapti, yaani chuma kikipiga hodi kwa prosesa, humohumo inasoma pini, humohumo inachukua saa, humohumo inapiga hesabu, humohumo inaamsha anayesubiri. Kuiita hiyo fanksheni lazima uwe na pini, na pini lazima ziwe na sensa, na sensa lazima iwe na kitu mbele yake kilicho mita mbili na nusu. Yaani ili nipime kuzidisha na kugawanya kwa darasa la nne nilihitaji tanki.

Na mimi nilikuwa najifunza tu. Ingia kwenye draiva za wakubwa, utakuta mtindo ni huohuo, hesabu na chuma vimekorogwa kama pilau. Kwahiyo nikisikia watu wanasema tatizo ni kwamba wanakeneli ni wavivu wa kuandika testi huwa sikubali sana. Mvivu yupo, ila hata asiye mvivu akija anakuta hamna pa kugusisha.

Sasa tuje kwenye kilichobadilika. Mwaka 2018 watu wa Google walileta pendekezo la kitu kinaitwa KUnit, na kikaingia rasmi kwenye Linux 5.5 iliyotoka Januari 2020. Wazo lake jepesi sana. Unaandika testi kwa lugha ileile ya C, inakompailiwa pamoja na keneli, alafu badala ya kuiwasha kwenye mashine halisi inaiwasha kama programu ya kawaida tu juu ya laptopu yako, kwa kutumia User Mode Linux ambayo ni keneli iliyotengenezwa iendeshwe kama programu nyingine yoyote. Unaandika amri moja ya kunit.py, inakompaili, inawasha kikeneli, inapita testi zote, inazima, inakuletea majibu. Mara ya kwanza inachukua muda wa kuchemsha chai, zinazofuata ni sekunde kadhaa. Hamna bodi, hamna waya, hamna Goba.

Kwa mtu wa Dar hili siyo jambo dogo kabisa. Makampuni makubwa ya nje yana maabara, vyumba vizima vya bodi zimepangwa kwenye rafu zinawashwa na kuzimwa na roboti usiku kucha. Sisi tuna laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8, umeme wa mashaka, na bando. Kushusha historia yote ya Linux ni GB kadhaa na wenye akili tunashusha toleo la mwisho tu bila historia, usiku, bando la usiku. Mtu wa hivyo hata akiwa na kichwa kizuri namna gani, ukimwambia ili ubadilishe mstari mmoja kwenye draiva ya kadi ya mtandao lazima uwe na hiyo kadi, umeshamfungia nje. Ukimwambia draiva hii ina testi, badilisha, endesha, zikipita leta pachi, yaani marekebisho yako, hapo umemfungulia.

Basi nikarudi kwenye draiva yangu nikaikata. Hesabu nikaitoa nikaiweka kwenye fanksheni yake, inapokea muda inarudisha milimita, basi, haijui pini wala sensa. Nikaandika testi: sentimita kumi, mita moja, mita mbili, mita mbili na nusu, mita nne. Nikaendesha.

Zikapita zote! Nilikaa naiangalia skrini. Bagi lipo, nimelishika kwa mikono yangu, na testi zinasema hamna tatizo mzee.

Laptopu yangu ni ya biti 64. Ile aina ya namba niliyotumia kwenye biti 64 inakuwa kubwa kiasi kwamba ningehitaji tanki refu kuliko nchi ili namba ifike ukomo. Ikabidi niendeshe testi zilezile kwa kuigiza ARM ya biti 32 kupitia QEMU, programu ya kuigiza mashine nyingine, kunit.py inakubali unaitajia tu aina ya prosesa, na hapo ndo mita mbili na nusu na mita nne zikageuka nyekundu, mita moja na mbili kijani. Polepole zaidi ila zikageuka. Sijawahi kufurahia kufeli kama siku hiyo.

Hapo ndo nikaona jambo ambalo halisemwi sana, kwamba urahisi wa KUnit unaweza kukudanganya. Njia ya haraka inapima keneli ya laptopu yako, siyo ya kifaa unachoenda kufunga. Ningekuwa na sauti ningependekeza kunit.py ikiendeshwa bila maelezo mengine ipite njia mbili, biti 64 na biti 32, hata kama inachelewa. Watu wengi wanaoandika keneli wana mashine za biti 64 na vyuma vingi vya bei rahisi vinavyozagaa huku kwetu bado ni biti 32, sasa nani anaumia?

Turudi kwenye pa kugusisha. KUnit kuwepo hakutoshi, ni sawa na kumgawia kila fundi mita wakati bodi hazina vinukta. Kazi iliyobaki ni ya kwenye kodi zenyewe, na kuna vitu vimeanza kuja ambavyo nadhani vinasukuma upande sahihi. Kwenye C fanksheni nyingi zinafungwa ndani ya faili lake, nje hazionekani, na testi iko nje. Sikuhizi kuna alama unaiweka juu ya fanksheni na maana yake ni kwamba kwa kawaida imefungwa ila ukikompaili kwa ajili ya testi inafunguka. Mwaka 2023 kikaingia kitu kingine cha kubadili fanksheni moja kwa nyingine wakati wa testi tu, yaani kodi inadhani inasoma chuma kumbe inasoma namba ulizoipangia wewe. Na kwa draiva zinazopitia regmap, ambayo ni njia ya pamoja ya kusoma na kuandika rejista (vijisanduku vya namba ndani ya chuma), unaweza ukawa na rejista za uongo zinazokaa kwenye memori. Binafsi hicho cha mwisho ndo kinanipa moyo kuliko vyote, kwa sababu kinukta kimewekwa sehemu moja na draiva kibao zinafaidika bila kila mtu kuanza kukata yake kama nilivyokata mimi.

Kuna watu watasema haya yote ni ya nini, keneli imekaa miaka zaidi ya 30 inafanya kazi. Sawa. Nendeni mkaangalie tarehe 19 Julai 2024. Siyo Linux hii, ni Windows, ila somo ni lilelile la keneli. Saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu CrowdStrike walituma faili la masasisho kwa programu yao ya ulinzi ambayo inakaa ndani ya keneli, na kompyuta kama milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft zikaanguka, viwanja vya ndege, hospitali, benki, skrini za bluu kila kona. Walilirudisha ndani ya dakika 78 ila zilizoanguka zimeanguka, mtu ilibidi aende na mikono yake kwenye kila moja. Kwa maelezo yao wenyewe baadae, kodi ilitegemea sehemu 21 za taarifa na iliyokuwa inapewa ni 20, ikaenda kusoma ya 21 ambayo haipo.

Ishirini na ishirini na moja wadau, mtoto anahesabu kwa vidole vya mikono na miguu na anaomba kimoja cha jirani. Ila cha kunikera zaidi ni kwamba testi walikuwa nazo. Kwenye testi zile sehemu ya 21 ilikuwa imewekwa alama ya "chochote kile kinafaa", kwahiyo kodi haikuwa na haja ya kwenda kuiangalia, ikapita salama. Ni ndoo yangu ya Sinza ile, unapima kote isipokuwa pale pembeni ambapo mambo yanaharibika.

Kwahiyo hata ukishaweka vinukta bado kuna ufundi wa kujua uguse wapi. Mfano mzuri ninaopenda kuwaonyesha vijana ni testi ya ext4, moja ya zile za mwanzo kabisa zilizoingia na KUnit kwenye hiyo 5.5. Ext4 ni mfumo wa mafaili, na inatunza tarehe ya faili kwa biti 32 pamoja na biti mbili za nyongeza zilizobanwa pembeni kwenye namba nyingine. Testi ni jedwali tu la tarehe, na ukiisoma unaona aliyeandika hakuhangaika na tarehe za katikati, kaenda ukingoni kote: 13 Desemba 1901 ambako hesabu inaanzia, Januari 2038 ambako biti 32 zinaishiwa, na 10 Mei 2446 ambako hata zile za nyongeza zinagota. Hamna diski hapo, hamna faili lolote, ni biti zinaingia na tarehe inatoka. Mtu aliyeko Mbagala na laptopu anaweza kuthibitisha kwamba Linux itasoma tarehe za karne ya 25 vizuri, kabla chai haijapoa.

Sasa nisije nikaonekana nauza dawa ya magonjwa yote kama wale wa kwenye daladala. Kuna mabagi yuniti testi haiyagusi kabisa. Dirty COW iliyogundulika 2016 ilikuwa imelala ndani ya Linux tangu 2007, na ilikuwa ni bagi la mbio, kazi mbili zinagombania memori ileile na ikitokea moja imewahi kwa sekunde isiyoonekana basi mtu wa kawaida anaandika kwenye faili ambalo haruhusiwi. Hilo hata uite fanksheni moja moja mara elfu halitoki, kwa sababu kila fanksheni peke yake ina haki. Kwa mambo kama hayo kuna vifaa vingine, KCSAN ya kunusa mbio za hivyo, syzkaller ya kuirushia keneli amri za ovyo ovyo mpaka iseme. Na rejista za uongo nazo zina ubaya wake, chuma cha kweli kina tabia zake, kinachelewa, kinajibu mara mbili, wakati chuma cha uongo kinafanya kile tu ulichodhani chuma kinafanya, kwahiyo kama ulidhani vibaya testi itakupongeza.

Ila angalia mabagi yangapi ni ya kuzidisha, ya kuhesabu, ya ukingoni, ya kusahau kwamba namba ina mwisho. Hayo hayahitaji maabara. Ndo maana nashikilia kwamba wasimamizi wa kila sehemu ya keneli wangeweka sharti moja dogo tu: ukileta pachi ya kurekebisha bagi la hesabu, lete na testi iliyokuwa inafeli kabla ya pachi. Siyo testi za kila kitu, nani ataandika testi za mistari milioni 40. Za pale palipovunjika tu. Anayerekebisha ameshakata kodi ili aelewe, kinukta ameshakipata, kukiacha wazi kwa anayekuja nyuma ni dakika kumi. Wapo wanaofanya hivyo tayari, wengi bado pachi inapokelewa ikiwa na maneno tu kwamba nimejaribu kwenye mashine yangu inafanya kazi. Mashine yako! Na yangu ilifanya kazi Sinza.

Pampu ya Goba sasa hivi iko sawa, yule mzee hajanipigia kwa ubaya muda mrefu. Nimebakiza ile 343. Hiyo ni kasi ya sauti kwenye joto la nyuzi 20, na Dar nyuzi 20 mara ya mwisho umeziona lini? Ndani ya tanki jeusi juu ya bati mchana wa Januari ni zaidi sana, sauti inakimbia zaidi na kipimo kinakosea sentimita kadhaa. Nataka niongeze kipimajoto na kubadili fanksheni ipokee na joto. Nimeanza na jedwali la testi, nyuzi 20, 30, 45, kwa kila urefu wa maji, biti 32 na 64, zote bado nyekundu kwa sababu kodi yenyewe sijaandika. Usiku huu nikipata umeme naimalizia, na boda naipanda mara moja tu.